Koo Likipoa Upesi

Baridi ya Sumbawanga huanza kung'ata mwishoni mwa Mei. Mji umekaa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upepo unaotoka milima ya Mbizi haumchagui mwenye sweta wala asiye nalo. Kufikia Julai madirisha ya darasa langu hufungwa kutwa nzima, watoto wamebanana kwenye madawati, na akianza mmoja kuumwa koo, wiki ile ile wanamfuata wengine. Wazee husema mafindofindo, vijana husema tonsesi. Kwa mtu mzima ni adha ya siku chache. Kwa mtoto nimejifunza kuyaogopa, na ninachokiogopa hakiko kooni.

Mimi ni mwalimu, si tabibu. Ninayoyajua kuhusu ugonjwa huu nimeyapata kwa kuuguza, kwa kuzika, na baadaye kwa kuuliza na kusoma. Nayaandika kwa sababu siku hizi katika nyumba nyingi za Ufipa kuna dawa mpya ya koo, vipakiti vya Kichina, na watu wananiuliza kama vinafaa. Jibu langu lina pande mbili, na upande wa pili ndio ninaotaka usikilizwe.

Nilipokuwa mdogo kijijini, upande wa Laela, bibi alikuwa na chumvi ya Ivuna, ile iliyopandishwa kwetu kutoka bonde la Ziwa Rukwa. Aliikoroga kwenye maji ya moto, tukasukutua mpaka machozi yatutoke. Usiku alitupa asali. Sina neno baya juu ya dawa za bibi. Hata leo nesi atakwambia umsukutulishe mtoto maji ya chumvi, maana yanapunguza maumivu.

Jambo jingine lililofanywa kwa ajili ya koo lilikuwa kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Kilidhaniwa ndicho kinacholeta kikohozi na kumzuia mtoto kumeza. Kaka yangu mkubwa alikatwa angali mchanga. Mimi nilinusurika kwa sababu baba aliona mtoto wa jirani akivuja damu usiku mzima baada ya kukatwa, akaapa kwamba hakuna kijembe kitakachoingia tena kinywani mwa mtoto wake. Kukata kimeo hakuyagusi mafindofindo hata kidogo, kwani yako pembeni, kulia na kushoto. Hivyo kaka aliendelea kuumwa koo kila kipupwe, na kila mara alipona.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, koo lilipona, na wiki chache baadaye goti likavimba. Kabla goti halijatulia, maumivu yakahamia kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Watu walisema baridi imemwingia kwenye mifupa. Wengine walisema kuna mkono wa mtu, maana kwetu maneno hayo hayakosekani. Alipakwa mafuta, akafungwa majani, na baada ya muda akapona hayo pia. Alirudi shuleni. Alicheza mpira. Mama alitoa shukrani kanisani.

Akiwa na miaka kumi na saba hakuweza tena kulima matuta. Alipiga majembe machache, akasimama akihema kwa mdomo wazi. Kisha akawa halali ila ameketi, ameegemea ukuta, kwa sababu akijilaza anakosa pumzi. Miguu ikajaa maji. Hospitalini daktari alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu, akamwita baba pembeni. Baba alirudi kwetu na maneno mawili ambayo hatukuyaelewa siku ile: "Ilianzia kooni." Kaka alifariki akiwa na miaka kumi na tisa.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kilichotokea, nami nitakieleza kwa namna nilivyokielewa. Magonjwa mengi ya koo huletwa na virusi, na hayo hujiishia yenyewe. Mengine, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, huletwa na bakteria aitwaye streptokoka. Mwili hutengeneza silaha za kumpiga bakteria huyo, lakini kwa baadhi ya watoto silaha hizo hukosea shabaha. Wiki mbili tatu baada ya koo kupona, zinageukia viungo, na baya zaidi zinageukia moyo. Maumivu ya viungo hupita bila kuacha alama. Vali za moyo, zile zinazoruhusu damu ipite upande mmoja na kuizuia isirudi, hubaki na makovu. Kila koo jipya la aina hiyo laweza kuongeza kovu jingine. Ndiyo homa ya baridi yabisi, na makovu yanayobaki ndiyo yanayomwua kijana wakati hakuna tena anayekumbuka koo.

Kinga yake ni dawa ya zamani na ya bei nafuu: pensilini. Karibu na mwaka 1950, madaktari wa Marekani waliwachunguza askari vijana waliougua koo katika kambi moja ya jeshi la anga, jimbo la Wyoming, mahali penye baridi ambapo vijana walilala wamesongamana. Waliopewa pensilini karibu wote waliepuka homa ya baridi yabisi, ilhali miongoni mwa wasiopewa iliwapata wengi zaidi. Imefahamika pia kwamba dawa hiyo hulinda moyo hata ikianza kutolewa siku ya tisa tangu koo lilipoanza kuuma. Siku tisa. Hata mtu wa kijiji cha mbali kabisa anaweza kumfikisha mtoto zahanati.

Sasa nije kwa Wachina, maana katika familia yetu wana historia. Baba yangu mdogo alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita Tunduma kuingia Zambia. Mgongo wake ulipokaza, daktari wa kambi alimchoma sindano nyembamba zisizo na dawa ndani, naye mpaka uzeeni alisimulia namna alivyoinuka na kutembea. Wakati huo madaktari wa China walikwishazoeleka nchini: Zanzibar walifika mwaka 1965, na Tanzania Bara mwaka 1968. Kwa hiyo tangu utotoni, kwetu dawa ya Mchina haikuwa kitu cha kushangaza. Ilikuwa dawa ya mtu aliyefanya kazi nasi kwenye vumbi.

Kisha ikaja barabara. Februari 2008, Rais George W. Bush alipozuru Dar es Salaam, yeye na Rais Kikwete walitia saini msaada wa dola milioni 698, na sehemu ya fedha hizo ikaweka lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, safari ya zaidi ya kilomita 220 ambayo masika ilikuwa ikitulaza njiani. Fedha zilikuwa za Marekani, lakini kipande kimoja kilijengwa na kampuni ya China. Shemeji yangu alipata kazi ya udereva huko kambini. Ndiye aliyeniletea vipakiti.

Mwanangu alikuwa na miaka tisa. Jioni ile hakuweza kumeza hata mate yake, mwili ukimchemka, na sauti yake ilitoka kana kwamba ana kitu cha moto kinywani. Shemeji alitoa mfukoni mwa koti vipakiti vidogo vilivyojaa maandishi ya Kichina. Alisema kambini kila Mchina anavyo, na mtu akianza tu kuwashwa koo anakunywa. Yeye mwenyewe alipougua, mzee mmoja wa Kichina aliyekuwa akiwahudumia wenzake alimtoboa kidogo pembeni mwa ukucha wa kidole gumba, akakamua matone ya damu, na koo likalegea.

Ndani ya pakiti kulikuwa na chembechembe za rangi ya kahawia. Nilizikoroga kwenye maji ya moto. Zilinukia mizizi, na zilikuwa tamu, kwa hiyo mtoto hakukataa. Kabla ya usiku wa manane alilala vizuri. Asubuhi aliomba uji wa ulezi.

Baadaye nilijua kwamba dawa ile ni banlangen, mzizi wa mmea wa jamii ile ile ambayo majani yake yalitumika Ulaya kutia nguo rangi ya buluu. Kwa tiba ya Kichina, koo lililovimba na kuwa jekundu ni upepo na joto vilivyoingia mwilini, na kazi ya dawa ni kulipoza joto na kulitoa. Mwaka 1798 tabibu Wu Jutong alimaliza kitabu juu ya magonjwa ya joto, na mchanganyiko wake wa maua na matunda ya mimea unatumika mpaka leo kwa homa zinazoanzia kooni. Hata kile kitone cha damu kwenye kidole gumba kina mahali pake katika mafundisho hayo: ni ncha ya njia ya pafu, na wanaamini kukitoboa kunafungua koo. SARS ilipoenea China mwaka 2003, banlangen ilinunuliwa mpaka rafu za maduka zikabaki tupu. Watu hawaendi mbio hivyo kutafuta kitu ambacho hakijawahi kuwafariji.

Siidharau elimu hiyo. Mseto tunaokunywa kwa malaria tangu nchi yetu ilipobadili dawa mwaka 2006 una asili yake huko huko. Bi Tu Youyou alisoma maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4 kuhusu mmea unaolowekwa majini na kukamuliwa, akaelewa kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Ni watoto wangapi wa bonde la Rukwa, kule kwenye joto na mbu, wamepona kwa sababu ya mwanamke yule! Lakini tazama alichofanya. Hakusimama kwenye sifa za mmea. Aliujaribu, akashindwa, akaujaribu tena kwa namna nyingine, mpaka ikajulikana unaua nini na kwa kiasi gani. Banlangen kwa koo inajulikana kwa kuleta nafuu. Hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba inauzuia moyo usipate makovu.

Hapo ndipo mama mkwe na mimi tulipotofautiana asubuhi ile, mtoto akiwa ameshika kikombe cha uji.

"Si unaona, mwanangu? Kapona," alisema. "Mwache akaote jua."

"Kapata nafuu, mama, na namshukuru sana shemeji. Ila nampeleka zahanati."

"Kufuata nini? Sindano? Mtoto anakula!"

"Mama, kaka yangu naye alikuwa anakula."

Alinyamaza. Alimjua kaka. Baada ya muda alisema kwamba sisi wasomi hatuamini dawa mpaka iwe ya Wazungu. Ilinigusa, kwa sababu si kweli, na kwa sababu yeye ni mzaliwa wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa watu wa Karema, ambako wazee wake walitibiwa na Adrian Atiman. Huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889, na aliwatibu watu wa ziwa hilo mpaka alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Kanisa hapa Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Nilimuuliza mama: dawa ya Atiman ilikuwa ya Wazungu au ya watu weusi? Wazee walijali ilimtoa nani kitandani. Mama alicheka kidogo, akanipa khanga ya kumfunika mtoto kwa ajili ya upepo wa njiani.

Zahanati, nesi alimwambia mtoto afungue kinywa, akammulika kwa tochi. Mafindofindo yalikuwa makubwa, mekundu, yenye vitone vyeupe vya usaha. Akapapasa tezi chini ya taya. Mtoto akaruka kwa maumivu. Akapima joto. Kisha akauliza maswali ambayo sijayasahau: anakohoa? Ana mafua? Macho yalikuwa mekundu? Nikasema hapana. Akanieleza kwamba kama angekuwa na kikohozi na mafua angenirudisha nyumbani na maji ya chumvi, kwa sababu hiyo kwa kawaida ni kazi ya virusi, na pensilini haiwezi virusi. Lakini koo lenye usaha, tezi zilizovimba na homa, bila kikohozi, kwa mtoto wa umri ule, hakutaka kulibahatisha. Aliuliza kama pensilini imewahi kumdhuru yeye au mtu wa nyumbani kwetu. Akampima uzito, akamchoma sindano moja ya benzathini. Inauma sana sindano ile. Alituambia tukae kwenye benchi kwa muda kabla ya kuondoka, amwangalie.

Nilimwonyesha pakiti. Wapo watoa huduma ambao wangenifokea. Nimewahi kufokewa mahali pengine kwa kosa dogo kuliko hilo. Yeye aliigeuzageuza mkononi, akasema hawezi kuyasoma maandishi, na kwamba asichoweza kukisoma hawezi kuniambia kama ni salama. Basi. Kwa kuwa hakunifokea, nilimweleza kila kitu: kiasi nilichompa, saa niliyompa, na hata habari za shemeji na kidole chake. Naamini mengi ya afya ya watoto wetu yanategemea dakika kama hiyo, mzazi anapoona anaweza kusema kweli.

Niliendelea kuufikiria wepesi ule wa vipakiti kuleta nafuu. Elisabeth Hsu, mwanaanthropolojia aliyechunguza kliniki za Kichina za Dar es Salaam karibu na mwaka 2000, aliwakuta wagonjwa wakizisifu dawa hizo kwa kufanya kazi haraka. Inashangaza, kwa sababu huko China wengi husema kinyume: dawa za mitishamba ni za polepole, zinakwenda kwenye mzizi, na za hospitali ndizo za haraka. Sisi tulizipenda kwa upesi wake. Lakini kwa koo la streptokoka, upesi ni shahidi dhaifu, kwani koo hilo hupoa lenyewe ndani ya siku chache hata mtoto asipopewa chochote. Likipoa baada ya chumvi, tunasifu chumvi. Likipoa baada ya kimeo kukatwa, tunasifu kijembe. Likipoa baada ya vipakiti, tunamsifu Mchina. Kaka yangu alipona koo mara nyingi sana.

Wala madaktari wa China hawako upande wa mama mkwe katika hili. Katika hospitali za kwao mtoto mwenye mafindofindo ya bakteria hupewa antibiotiki, na dawa za mitishamba hutolewa sambamba nayo ili kupunguza homa na uvimbe. Kilichofika kwetu ni nusu ya tiba yao, ile nusu inayoweza kukaa mfukoni mwa koti.

Upande wa usalama sitakaa sana, ila ni lazima usemwe. Kitu kuwa mzizi au jani hakukifanyi kiwe salama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Ubelgiji, wanawake zaidi ya mia waliharibika figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa na mmea wa Kichina wenye sumu. Banlangen si mmea huo. Lakini mtu asiyeweza kusoma pakiti atautambuaje? Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake, na dawa inayouzwa kwa wananchi inapaswa kupita kwenye mikono yao. Pakiti iliyotoka mfukoni mwa koti haikupita popote. Na wenzetu wanaokimbilia duka la dawa kununua vidonge vichache vya amoksilini, wakamnywesha mtoto siku mbili na kuacha maumivu yakiisha, hawana tofauti na anayetegemea pakiti peke yake. Wote wawili wanayatibu maumivu, kisha wanaondoka kabla ugonjwa haujaondoka.

Leo vali zilizoharibika zinafanyiwa upasuaji hapa hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili. Nafurahi kuwa ipo. Lakini kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja, na mgonjwa hurudi nyumbani akiwa na vidonge vya kunywa maisha yake yote, au sindano ya pensilini ya kila mwezi kwa miaka mingi. Sindano moja ya zahanati, kwa wakati wake, ingemwepusha na yote hayo.

Kila mwanzo wa Juni, kwenye kikao cha wazazi shuleni, naomba nafasi ya kusema. Siwaambii watupe vipakiti. Kama pakiti ni halali na mtoto anaumia, mpe apate usingizi. Mpe na chumvi ya bibi. Nawaomba wayatazame makoo ya watoto kwa tochi, waulize kama kuna kikohozi, na wakiona usaha na homa wamlete mtoto zahanati hata akiamka anacheza. Na kijembe cha kimeo kisimkaribie kamwe. Mwaka jana mzazi mmoja, mkulima wa alizeti, aliuliza swali ambalo wengine walikuwa nalo: "Mwalimu, nikifika nikaambiwa sindano imekwisha?" Nilimjibu asirudi nyumbani. Aulize kituo cha afya kilicho karibu, aende kesho yake, na asizianze siku upya kwa sababu ya safari, kwani zile siku tisa zinahesabiwa tangu mtoto aliposema kwa mara ya kwanza kwamba koo linamuuma.